Alhamisi za Bibi Mbio

Fundi Grisi alikuwa na siri ndogo kama punje ya harage. Tuseme ukweli, zilikuwa punje mbili, moja kwa kila sikio.

Miaka thelathini na mmoja mzee huyu alikuwa akiendesha antena. Ukisikia antena usifikirie ule waya wa juu ya paa unaotingishwa ili taarifa ya habari ionekane vizuri. Hii ni sahani ya chuma, pana kuliko uwanja wa mpira wa wavu, imekaa juu ya mnara wa zege na inageuzwa na mota nne. Kazi yake ni kupokea mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota, tena mchana kweupe, maana redio haina haja ya giza. Fundi aliijua sahani hiyo nati kwa nati. Jina la Grisi alipewa wiki yake ya kwanza, alipompa mkurugenzi mkono uliopakaa grisi mpaka kiwikoni, na tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mota hizo ndizo zilizomla masikio. Kwanza ilipotea sauti ya saa ya ukutani, kisha sauti za wajukuu, kisha miisho ya maneno ya watu. Fundi akajitia hamnazo. Akajifunza kutazama midomo, kucheka wengine wakicheka, na kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa uso wa mtu anayetafakari. Zamani alizijua beringi mbovu kwa kuzisikiliza. Sasa akawa anashuka chumba cha mota na kuzipapasa kwa kiganja. Mafundi vijana, maskini, wakadhani huo ndio ufundi wa hali ya juu, nao wakaanza kupapasa.

Kwa nini asiseme? Weee! Kanuni za kituo zilikuwa wazi: mwendesha antena ni lazima asikie kengele na breki. Asiyesikia anapelekwa stoo. Na Fundi Grisi, aliyebakiza mwaka na miezi kadhaa astaafu, aliiona stoo kama kaburi lenye rafu. Heri afe amesimama mbele ya skrini zake kuliko kuhesabu maboksi ya skrubu.

Aliyechoka kupayuka mezani kila siku ni binti yake, muuguzi, mwanamke asiyetaka mzaha na afya ya mtu. Miezi miwili iliyopita alimshika baba yake mkono kama mtoto wa chekechea, akampeleka kupimwa, na wakarudi na mashine mbili za masikio, ndogo, rangi ya ngozi. Fundi alilalamika wiki nzima. Siku ya nane akamsikia mkewe akiimba jikoni, akanyamaza.

Sasa, ndani ya geti la kituo kile simu ni marufuku. Simu, redio, saa za kisasa, chochote kinachorusha mawimbi kinaachwa kwenye kibanda cha mlinzi, kwa sababu simu moja mfukoni mwa mtu humpigia antena kelele kuliko nyota yoyote ya angani. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali wa sheria hiyo, aliwahi kumrudisha waziri getini. Lakini mashine za masikio? Hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri. Akajiambia ni kibetri na kispika tu, kitu kidogo namna hii kitamdhuru nani, akapita nazo kwa mlinzi akiwa amevuta kofia mpaka masikioni.

Hakuzivaa kila siku. Alivaa Daktari akija, tena kwa kawaida moja tu iliyo rahisi kuificha, ya pili ikilala mfukoni imezimwa.

Daktari alikuwa mtafiti wa nyota, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo kwa masikio ya Fundi ilikuwa adhabu. Si ndugu yake, lakini alimwita Mjomba tangu alipokuja kituoni akiwa mwanafunzi anayeogopa ngazi. Kwa kawaida alifanya kazi mjini, vipimo vikimfikia kwa waya kila mwisho wa wiki, na alikuja kituoni Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili. Akija hukaa kwenye kiti cha pili cha chumba cha kuendeshea, antena inafanya kazi, nao wawili wanazungumza. Hizo Alhamisi Fundi alizipenda kupita kiasi, na kwa miaka sita alikuwa akisikia nusu.

Nyota ya Daktari ilikuwa moja tu. Miaka kumi na moja, nyota moja! Walioijua habari hiyo walimcheka. Ilikuwa nyota kubwa iliyokwisha kuzeeka na kuvimba. Nyota ikifika umri huo inatakiwa itulie, ijizungushe polepole, mzunguko mmoja kwa miezi. Hii ilimaliza mzunguko kwa siku mbili na ushei. Fundi ndiye aliyeipa jina: Bibi Mbio.

"Wengine wanashuku alimmeza mwenzake, Mjomba," Daktari alimweleza. "Walikuwa wawili, wakakaribiana mno, mmoja akaingia ndani ya mwingine. Zile mbio ni za marehemu."

"Basi ndiyo maana hatulii. Amekula mtu."

Daktari alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaendelea: kwa mbio hizo sumaku ya nyota hujisokota na kujifunga mafundo, na fundo likikatika, nyota inafoka. Mlipuko mkubwa wa mawimbi ya redio, wa dakika chache au saa nzima. Aliamini Bibi Mbio anafoka hivyo. Miaka kumi na moja alimsubiri afoke, na kwa miaka kumi na moja mstari kwenye skrini ulikwenda bapa.

Mpaka miezi hii miwili. Alhamisi ya kwanza ya mashine za masikio, mstari ulipanda. Alhamisi ya pili ukapanda mara mbili zaidi, mlipuko mkubwa ajabu, wa saa nzima na zaidi. Ya tatu hakukuwa na kitu. Ya nne, mlipuko tena. Siku nyingine zote, ambazo Daktari hakuwepo, mstari ulibaki bapa.

"Bibi yako anakujua wewe," Fundi alimtania. "Ukija tu, anapandisha."

Na Daktari hakuwa mjinga. Alikuwa na mtego wake wa kuwanasa waongo: dakika kumi antena inamtazama Bibi Mbio, kengele inalia, dakika kumi inageuzwa pembeni kwenye anga tupu, kengele, inarudi. Kelele ya binadamu husikika kote kote. Ya nyota husikika antena ikiitazama nyota tu. Milipuko yote mitatu ilikuwa hivyo: kwenye nyota ipo, pembeni haipo. Safi kabisa. Ijumaa hii angekwenda nayo mbele ya jopo linalogawa saa za antena. Akiwa na milipuko, anapewa Bibi Mbio miaka mingine mitano. Akienda mikono mitupu, saa zake zinapewa wengine na yeye anarudi kufundisha darasani moja kwa moja. Mwenyekiti alikwisha kumwambia hivyo usoni.

Jumanne jioni, kabla ya Ijumaa hiyo, binti yake Fundi alikuja kuzisafisha zile mashine. Walikuwa mezani, yeye, mkewe na binti.

"Baba, mbona betri zinaisha haraka hivi? Simu unaiacha wapi ukiwa kazini?"

"Getini kwa mlinzi. Sheria."

"Ndiyo maana. Hizi zimeunganishwa na simu bila waya. Zikiikosa hazitulii. Zinaita, zinaita, mpaka ziipate."

"Zinaita vipi? Mbona sisikii?"

"Utasikiaje, Baba? Zinaita kwa mawimbi ya redio."

Fundi akaweka kijiko chini. Mkewe akadhani chumvi imezidi, akaanza kujitetea kabla hajalaumiwa.

Fundi akawa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Alhamisi ya kwanza alivaa. Ya pili alivaa. Ya tatu betri zilikuwa zimekufa, alishinda akiitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka akajikuta amekubali kuhutubia wanafunzi. Ya nne alivaa. Halafu likamjia tumaini: lakini pembeni! Pembeni hakukuwa na kitu! Kama ni mashine zingeita kote kote! Alikaribia kucheka. Akakumbuka anachofanya yeye kengele ikilia na antena ikigeuka pembeni. Anashuka kuzipapasa mota. Na mlangoni mwa mota anaizima mashine na kuitia mfukoni, kwa sababu kelele ya mle ndani ikipitia kwenye mashine inaingia kichwani kama msumari. Antena ikirudi kwenye nyota, anapanda, anaiwasha, anakaa aongee na Daktari. Masikio yake yalikuwa yakicheza na ule mtego hatua kwa hatua kwa miezi miwili. Mtu angekaa kupanga udanganyifu mzuri namna ile asingeuweza.

"Unaumwa?" mkewe akauliza.

"Chumvi iko sawa," alisema, na hakula tena.

Jumatano Daktari hayupo, na antena inaendelea na Bibi Mbio. Saa nne na dakika kumi asubuhi, Fundi alikaa peke yake mbele ya skrini, akavaa mashine moja na kuiwasha. Mstari ukapanda. Akaizima, ukashuka. Akavaa zote mbili. Loo! Ukapanda kama ule wa Alhamisi ya pili, sawa sawa. Akazizima, akachukua daftari la zamu na kuandika, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, saa aliyovaa na saa aliyovua. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuandika uongo kwenye daftari lile, hata siku alipovunja gia kwa uzembe wake mwenyewe.

Kuandika ni kitu kimoja. Daktari hasomi daftari la zamu la siku asizokuwepo. Ukurasa ule ungelala pale mpaka panya waule, na Ijumaa ingepita, na Bibi Mbio angepata miaka yake mitano, na Fundi angestaafu na kofia yake kichwani. Nani angejua? Tena, alijiambia, pengine kweli Bibi anafoka, ila siku nyingine. Nani amethibitisha hafoki? Mzee mzima alikaa pale akijibembeleza hivyo kwa muda mrefu, na simu ya waya ya kituo ikalia, taa yake nyekundu ikiwaka kwa ajili ya watu kama yeye.

Alikuwa Daktari. Sauti yake kwenye simu ilikuwa mvumo tu, lakini furaha haihitaji masikio mazuri. Alidaka "kesho", akadaka "nikusomee", akadaka "asante sana Mjomba, bila wewe".

"Daktari, kuna jambo…" alianza.

Mvumo ukauliza kitu.

"Ndiyo, ndiyo," akasema Fundi Grisi, akakata simu, na akajichukia kama hajawahi kujichukia.

Alhamisi asubuhi alifika kabla ya mlinzi kunywa chai. Mashine zilikuwa kwenye mfuko wa shati, zimezimwa. Daktari akaingia saa tatu na bahasha ya makaratasi kifuani, amevaa nguo ya mkutanoni siku moja kabla, eti aizoee. Akaanza kusoma hata kabla ya kukaa.

"Keti kwanza, mwanangu," Fundi akasema. "Na unitazame usoni, sikusikii vizuri. Miaka sita sasa sikusikii vizuri."

Daktari akacheka, akidhani ni utani mwingine. Fundi akatoa zile punje mbili na kuziweka juu ya meza, pembeni ya makaratasi. Akamwambia yote, bila kupumua, masikio, kofia, kibanda cha mlinzi, mota, mfuko. Akalifungua daftari la zamu kwenye ukurasa wa jana. Alipofika mwisho, uso wa Daktari ulikuwa umebadilika rangi.

"Haiwezekani. Pembeni hakuna kitu."

"Pembeni niko kwa mota."

"Haiwezekani, Mjomba!"

Hakubisha naye. Akawasha mashine moja mbele yake. Mstari ukapanda. Akaizima, ukashuka. Daktari akampokonya, akaiwasha mwenyewe, akaizima, akaiwasha, mara tano, mara sita, akiukodolea macho ule mstari unaomtii. Kisha akaiweka mezani taratibu na kushika tama.

"Mara nne nimekuja, mara tatu amefoka, na siku nisizokuja hata mara moja," alisema, na Fundi aliyasoma maneno hayo midomoni. "Mwanafunzi angeniletea hesabu hiyo ningemfukuza ofisini. Nimeiona, Mjomba. Niliiona wiki nyingi. Sikutaka tu kuitazama."

Fundi alitamani amfokee. Alizoea kelele, angeistahimili.

Halafu Daktari akainua kichwa ghafla, na macho yake yakawa na kitu ambacho Fundi alikiogopa kuliko hasira. Akayapekua makaratasi yake, akachomoa moja. Ulikuwa ule mlipuko wa Alhamisi ya pili.

"Huu je? Huu ni mkubwa mara mbili. Mashine moja haitoshi kufanya hivi, tumeona sasa hivi. Jana ulivaa zote mbili kujaribu tu, lakini siku zote ulikuwa unavaa moja, si ndiyo? Ulikuwa umevaa moja?" Alikuwa akiongea polepole, akiumba kila neno mdomoni kwa ajili yake. "Jopo linahitaji mlipuko mmoja tu. Mmoja wa kweli unatosha. Fikiri vizuri, Mjomba. Siku ile ulivaa moja, au labda hata hukuvaa?"

Hapo ndipo mzee alipopata tabu kweli. Neno moja. Angesema "moja", Bibi Mbio angebaki wa Daktari, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumwambia kuwa amesema uongo. Aliyaona macho yale yakimwomba. Aliona nguo mpya ya mkutanoni.

"Nilivaa zote mbili," akasema.

"Una hakika gani? Ni wiki sita zilizopita."

"Siku hiyo ulikuwa unanisimulia habari za mama yako."

Daktari akaishusha ile karatasi.

"Ulisema ulikwenda kumwona na hakukutambua. Alikuamkia kama mgeni, akakuuliza umetumwa na nani. Uliniambia hujamweleza mtu mwingine yeyote." Fundi aligusa kofia yake, akaitoa kabisa, akaishika magotini. "Ulikuwa unaongea chini sana, mwanangu, chini kuliko siku zote. Mashine moja ilikuwa inaniletea nusu. Na mimi jambo kama lile sikutaka kulisikia nusu. Nikatoa ya pili mfukoni nikaivaa. Kengele ikilia nakimbia kwa mota, narudi mbio, naziwasha zote, nisipitwe. Ule mlipuko wako mkubwa ni mimi nakusikiliza."

Kengele ikalia ndani ya chumba. Antena ikaanza kugeuka pembeni. Katika zamu zote za miaka thelathini na mmoja Fundi angekuwa amekwisha kusimama. Hakusimama. Daktari alikuwa analia, bila sauti, au kama kulikuwa na sauti yeye hakuisikia. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akachukua kalamu na kuikata kwa mstari mmoja, kona kwa kona. Akazikata na nyingine mbili.

"Na ulisikia yote?" aliuliza.

"Yote. Mpaka ulipomchana nywele."

Daktari akafuta uso kwa kiganja. Akavuta karatasi nyeupe na kuandika juu yake, kwa herufi kubwa ili Fundi asome kutoka pale alipo, kwamba katika miaka kumi na moja hakuna mlipuko hata mmoja uliothibitishwa, na kwamba milipuko mitatu ilitokana na mashine za kusaidia kusikia ndani ya chumba cha kuendeshea. Akasita. Sentensi hiyo ilikuwa inampeleka yeye darasani na mzee stoo, na wote wawili walilijua hilo. Akaweka nukta.

"Watataka kujua ya nani," Fundi akasema.

"Watataka."

"Nitasema mwenyewe. Usiniandike, nitasema kwa mdomo wangu."

Daktari akamtazama. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akamgeukia uso kwa uso, mdomo wake ukiwa kwenye mwanga wa dirisha.

"Basi kesho tunakwenda wote," alisema. "Watauliza maswali mengi, na mwenyekiti anaongea kama anatafuna. Uzuri ni kwamba kule hakuna antena, Mjomba. Utavaa zote mbili."